Protini Inayosubiri Chumvi

Kwa miaka mingi Afrika Mashariki imepima upungufu wa madini joto kwa kutazama shingo. Mpimaji anakaa mbele ya mtoto wa shule, anapapasa koo lake kwa vidole, kisha anaandika kama ana goita au hana. Kipimo hicho kimetufaa sana, na bila hicho tusingejua jinsi hali ilivyokuwa mbaya katika nyanda za juu. Lakini kimetuachia fikra moja potofu, kwamba pasipo uvimbe hapana upungufu. Msimamo wangu ni kwamba la kutazama si shingo, ni protini moja iliyomo ndani yake, iitwayo thairoglobulini, na zaidi ya yote thairoglobulini ya mwanamke ambaye bado hajashika mimba. Protini hiyo ikiwa imebeba iodini ya kutosha, mtoto atakayetungwa ana pa kuanzia. Isipokuwa nayo, mtoto atapungukiwa katika wiki ambazo mama mwenyewe hajajua kwamba ni mjamzito, na hakuna kidonge cha mwezi wa sita kitakachozirudisha wiki hizo.

Iodini ndiyo madini joto yenyewe, ile tunayoiona imeandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Mwili mzima wa mtu mzima una miligramu 15 hadi 20 tu za iodini, kiasi kisichotosha hata ncha ya kijiko cha chai. Robo tatu hivi ya kiasi hicho imo katika tezi dundumio, tezi ndogo iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo. Ukiipasua tezi hiyo na kuitazama kwa hadubini utaona vifuko vingi vya mviringo, kila kimoja kimezungukwa na safu moja ya seli, na katikati yake kuna ute mzito. Ute huo karibu wote ni thairoglobulini. Hakuna protini nyingine mwilini mwa binadamu iliyoundwa mahsusi kubeba iodini kwa namna hii.

Watu walizitumia faida za iodini kabla ya kuielewa. China ya kale na Ulaya ya zama za kati ziliwapa wagonjwa wa goita majivu ya mwani au ya sifongo wa baharini, na baadhi walipona bila yeyote kujua sababu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliigundua iodini katika majivu ya mwani alipokuwa akitengeneza malighafi ya baruti. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa goita iodini yenyewe. Lakini hadi 1895 hakuna aliyejua kwamba tezi dundumio ina iodini ndani yake. Mjerumani Eugen Baumann ndiye aliyeliona hilo, na miaka minne baadaye Adolf Oswald akaitenga protini inayoibeba na kuipa jina la thairoglobulini. Siku ya Krismasi ya 1914, Edward Kendall wa Mayo Clinic akapata fuwele za homoni iliyofichwa ndani ya protini hiyo. Homoni hiyo ni thairoksini.

Sifongo na baadhi ya matumbawe pia wana protini zilizofungamana na iodini, ndiyo maana majivu ya sifongo yalifanya kazi. Kwao, kwa kadiri tujuavyo, iodini hiyo haizalishi homoni inayoendesha mwili. Wanyama wenye uti wa mgongo ndio waliofanya protini yenye iodini kuwa kiwanda. Na kiwanda hiki kinastahili kuelezwa pole pole, maana ukikielewa utaelewa kwa nini ninalalamikia kipimo cha shingo.

Iodini tunayokula hufika kwenye damu ikiwa katika umbo la iodaidi. Seli za tezi zina pampu maalumu inayoivuta iodaidi pamoja na sodiamu, hata ikawa nyingi mara makumi kadhaa ndani ya seli kuliko katika damu. Wakati huohuo seli zinaitunga thairoglobulini na kuimwaga ndani ya kifuko. Pembezoni mwa kifuko kipo kimeng'enya kinachotumia haidrojeni peroksaidi kuibandika iodini juu ya thairoglobulini, kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Tairosini inaweza kupewa atomu moja ya iodini au mbili. Kisha tairosini mbili zilizokwisha kupewa iodini huunganishwa, zikiwa bado ni sehemu ya protini ileile. Mbili na mbili zikiungana tunapata homoni yenye atomu nne, thairoksini, ambayo madaktari huiita T4. Moja na mbili zikiungana tunapata T3. Homoni zinakaa hapo hapo, zimefungwa ndani ya protini, hadi mwili uzihitaji. Zikihitajika, seli hunywa tone la ule ute, hulimeng'enya, huiachia homoni iende kwenye damu, na iodini iliyobaki kwenye tairosini ambazo hazikutumika hung'olewa na kurudishwa kazini. Hakitupwi kitu. Kwa mtu aliyelishwa vizuri, akiba hiyo inatosha miezi miwili au mitatu hata kama leo ataacha kabisa kula iodini.

Jambo linaloshangaza wanafunzi wa biokemia kila mara ni ukubwa wa protini yenyewe. Insulini ina asidi amino 51. Thairoglobulini ni nyuzi mbili pacha, kila moja ikiwa na asidi amino zaidi ya 2,700. Ndani yake kuna tairosini zaidi ya 130, nyingi hazipati iodini kamwe, na mwisho wa kazi yote hiyo molekuli moja hutoa homoni ambazo hata kumi hazifiki. Kwa nini mwili utumie malighafi nyingi hivyo? Jibu lilionekana vizuri zaidi mwaka 2020, pale umbile la thairoglobulini ya binadamu lilipochapishwa katika jarida la Nature. Tairosini zinazozaa homoni zimekaa mahali mahsusi, zikikaribiana na kuelekeana kwa pembe inayofaa, na mahali penye nafasi ya kufikiwa na iodini. Watafiti haohao walichukua protini ya bakteria isiyohusiana na tezi hata kidogo, wakaipachika tairosini mbili zikielekeana vivyo hivyo, na homoni ikapatikana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya thairoglobulini ipo kwa ajili ya kuziweka tairosini chache mahali pake na kuitunza akiba.

Sasa tuchukue mwili usiopata iodini ya kutosha. T4 ikipungua, ubongo kupitia tezi ya pituitari unaiamuru tezi dundumio ifanye kazi zaidi. Seli zinaongezeka, zinapanuka, zinatunga thairoglobulini nyingi kuliko kawaida. Lakini iodini ya kuibandika juu yake haipo. Goita basi ni ghala lililopanuliwa na kujazwa magunia matupu. Uvimbe tunaouona shingoni ni juhudi ya mwili, na unapoonekana juhudi hiyo imekuwa ikiendelea kwa miezi au miaka. Kwa watu wengi wenye upungufu wa wastani uvimbe hauonekani kabisa, ingawa magunia ni matupu.

Kuna hila nyingine ya mwili ambayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Thairoglobulini yenye iodini haba huwa na tairosini nyingi zenye atomu moja na chache zenye mbili. Matokeo yake tezi inatengeneza T3 kwa wingi zaidi kuliko T4, kwa sababu T3 inahitaji atomu tatu badala ya nne na ina nguvu kubwa zaidi. Kwa mama hilo ni suluhisho. Moyo wake, misuli yake na joto la mwili wake vinaendelea sawasawa, hachoki, hanenepi, na vipimo vingine vya damu vinaweza kuonekana ni vya kawaida. Kwa mtoto aliye tumboni suluhisho hilo halimfikii. Ubongo wake unaoanza kujengeka huitegemea T4 inayotoka kwenye damu ya mama, huichukua na kuigeuza kuwa T3 humo humo ndani ya tishu zake. T4 ya mama ikiwa chini, T3 ya damu yake haizibi pengo hilo. Mama ni mzima, shingo yake ni laini, na mtoto wake anajenga ubongo kwa malighafi pungufu.

Ongeza hesabu ya wakati. Tezi ya mtoto huanza kuvuta iodini karibu na wiki ya 12, lakini haizalishi homoni ya maana hadi karibu na wiki ya 18 au 20. Nusu ya kwanza ya mimba, basi, mtoto anamtegemea mama. Na tangu wiki za mwanzo mama mwenyewe anatakiwa kuongeza uzalishaji wa homoni kwa karibu nusu ya kiwango chake cha kawaida, huku figo zake zikipoteza iodini zaidi kwenye mkojo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza maikrogramu 250 za iodini kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha, badala ya 150 za mtu mzima mwingine. Lakini iodini anayokula wiki ya 6 haitoshi kujaza ghala lililokuwa tupu miaka mitatu. Wanawake wengi nchini mwetu Tanzania huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza wakati miezi mitatu ya mwanzo imeshapita. Tukisubiri kliniki, tumechelewa.

Mwisho mbaya kabisa wa upungufu huu uliandikwa vizuri na madaktari waliofanya kazi Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, na katika eneo la Ubangi kaskazini-magharibi, tangu miaka ya 1960 watafiti wakiwemo François Delange na André Ermans waliwakuta watu wengi wenye goita, na miongoni mwao watoto na watu wazima waliodumaa mwili na akili tangu kuzaliwa. Utafiti huo pia ulitufundisha kwamba iodini haifanyi kazi peke yake. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri huacha sianidi, mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na thayosayaneti hushindana na iodaidi kwenye ile pampu ya tezi. Baadaye ilionekana kwamba kaskazini mwa Kongo udongo ulikuwa na upungufu wa seleni pia, madini yanayohitajika kwenye vimeng'enya vya kuigeuza T4. Hata chuma kimo humu. Kimeng'enya kinachobandika iodini kwenye thairoglobulini kina chuma katikati yake, kwa hiyo mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu hafaidiki sawasawa na chumvi yenye madini joto. Katika nchi ambazo upungufu wa damu kwa wajawazito ni wa kawaida, hilo si jambo la pembeni.

Niseme neno juu ya muhogo, maana nimewasikia wataalamu wa lishe wakiwatisha watu. Muhogo wenyewe haumpi mtu goita akiwa na iodini ya kutosha, na bibi zetu waliojua kuuloweka, kuuvundika hadi uwe udaga na kuukausha juani walikuwa wanaondoa sehemu kubwa ya sianidi. Hatari ni pale njaa au haraka inapofupisha siku za kuloweka, na chumvi ya nyumbani haina madini joto. Mkulima wa muhogo anahitaji kuambiwa mambo hayo mawili kwa pamoja. Kumwambia aache chakula chake hakumsaidii.

Fikra potofu iliyotugharimu zaidi ni kwamba watu wa pwani hawahitaji chumvi yenye madini joto kwa sababu wanakula samaki na wanazungukwa na bahari. Niliwahi kuiona fikra hii kama kosa dogo la watu wasiosoma, lakini iko hata ndani ya ofisi. Jibu lake limetoka Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ukiongozwa na Vincent Assey, ulilinganisha Unguja na Pemba. Unguja, zaidi ya asilimia 60 ya kaya zilikuwa na chumvi yenye iodini. Pemba ilikuwa asilimia 1. Iodini katika mkojo wa watoto wa shule, kwa kipimo cha kati, ilikuwa zaidi ya maikrogramu 180 kwa lita Unguja na karibu 53 tu Pemba, wakati kiwango kinachotakiwa kinaanzia 100. Goita ilikuwepo visiwa vyote viwili, lakini Pemba iligusa karibu theluthi ya watoto. Visiwa vyote viwili vina bahari ileile, samaki walewale na mwani uleule. Tofauti kubwa iliyopimwa kati yao ni chumvi.

Anayebisha afanye hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na maikrogramu 50 hadi 60 za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki ndani ya chumvi maji yakikauka, kila gramu ingebeba chini ya maikrogramu 2. Mtu anayekula gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku asingefikisha hata maikrogramu 10. Na kwa kweli haibaki yote, kwani nyingine huondoka na maji machungu yanayomwagwa mwisho na nyingine hupotea hewani. Chumvi iliyowekewa miligramu 30 za iodini kwa kilo inampa mtu huyohuyo maikrogramu 150 kwa gramu 5 zilezile. Samaki wa bahari wanayo iodini, lakini kiasi hutofautiana sana, na kipande cha samaki katika sufuria ya watu wanane si kitu cha kutegemea kila siku. Mwani unaolimwa Zanzibar husafirishwa nje kwa ajili ya viwanda, hauingii kwenye mchuzi wa Pemba. Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaonunua chumvi ya waridi ya Himalaya madukani kwa bei kubwa wakiamini ni ya asili na salama zaidi. Ina rangi nzuri. Iodini yake ni kidogo mno, na mwanamke kijana anayeitumia peke yake mwaka mzima anajiandalia ghala tupu.

Uvumi kwamba madini joto yanapunguza nguvu za kiume au yanazuia uzazi sina sababu ya kuujadili kirefu. Hauna msingi wowote. Kinyume chake, ni upungufu wa homoni ya tezi unaovuruga hedhi na kuongeza hatari ya mimba kuharibika.

Lakini kuna woga mmoja wenye msingi, na nisingependa kuufunika. Iodini ikizidi nayo inadhuru. Katikati ya miaka ya 1990, taarifa za kitabibu kutoka Zimbabwe na Kivu zilionyesha kuongezeka kwa ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kuingia, hasa kwa watu wazima wenye goita za zamani zenye vinundu. Vinundu hivyo vilikwisha kujizoesha kufanya kazi bila kusikiliza amri ya pituitari. Vilikuwa na thairoglobulini tele iliyokosa iodini, na ilipofika kwa ghafla vilitengeneza homoni bila breki. Mapigo ya moyo yakaenda mbio, watu wakakonda, na wengine wakafariki. Hatari hii hupungua kadiri kizazi kinachokua na chumvi nzuri kinavyochukua nafasi ya kile kilichokua bila hiyo, na haiwezi kulinganishwa na hasara ya upungufu. Inadai tu kwamba kiwango kipimwe, kisirukeruke. Kwa sababu hiyohiyo ninamsihi msomaji asinywe iodini ya kupaka vidonda, wala vidonge vya mwani wa bahari zenye baridi vinavyouzwa mtandaoni kama dawa ya tezi. Kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na iodini nyingi kuliko mwili unavyohitaji kwa siku nyingi.

Wengine huniuliza kama inawezekana kula protini yenyewe, tezi ya mnyama, ili kupata faida. Historia inayo mifano miwili. Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke mwenye upungufu mkubwa wa homoni kwa dondoo la tezi ya kondoo, na matibabu hayo yalikuwa mwanzo wa tiba tunayoitumia leo, ambayo sasa ni thairoksini safi yenye kipimo. Mfano wa pili unatisha. Mwaka 1984 na 1985, katika majimbo ya Marekani ya Minnesota, Dakota Kusini na Iowa, zaidi ya watu mia moja walipatwa na dalili za homoni kupita kiasi. Chanzo kilikuwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na nyama ya koo la ng'ombe, pamoja na tezi zake. Kuipika hakukusaidia kitu. Thairoglobulini ilipomeng'enywa tumboni iliachia homoni zilizofungwa ndani yake, vilevile kama inavyofanya tezini. Wachinjaji wetu waitoe tezi na kuitupa.

Kuna pia hofu inayotokana na maabara. Siku hizi mtu anapima damu katika kituo binafsi, anaona thairoglobulini yake iko juu, anasoma mtandaoni kwamba ni alama ya saratani, na halali tena. Kipimo hicho kinafaa kufuatilia saratani kwa mtu ambaye tezi yake imekwisha kuondolewa, kwa kuwa hapo thairoglobulini haitakiwi kuonekana, na hata hivyo lazima kingamwili dhidi ya protini hiyo zipimwe pia kwa sababu zinaweza kuficha ukweli. Kwa mtu mwenye tezi yake, thairoglobulini hupanda kwa goita ya kawaida, kwa uvimbe wa muda, kwa upungufu wa iodini na hata kwa iodini kuzidi. Usiinunue kama kipimo cha saratani.

Lakini kule kupanda kwake iodini inapopungua ndiko kunakokipa kipimo hicho manufaa kwa taifa. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kupima thairoglobulini, halihitaji barafu njiani, na linaonyesha hali ya tezi kwa wiki na miezi, wakati iodini ya mkojo inaonyesha tu alichokula mtu siku hizi mbili tatu. Kwa watoto wa shule wataalamu wanakubaliana kwamba kipimo cha kati kikiwa chini ya maikrogramu 13 kwa lita, jamii hiyo inapata iodini ya kutosha. Tanzania ilipiga hatua ambayo nchi nyingi zingeionea fahari. Katika wilaya zilizoathirika zaidi goita ilikuwa asilimia 61 ya watoto wa shule miaka ya 1980, ikashuka hadi 12 hivi mwaka 1999, na uchunguzi wa nchi nzima wa 2004 ulikuta karibu 7. Sehemu ya mwanzo ilifanywa na vidonge vya mafuta yenye iodini vilivyogawiwa tangu 1986, na sehemu kubwa zaidi na sheria ya chumvi ya miaka ya 1990. Ni kazi njema, na ndiyo iliyotufanya tulegee. Shingo zimekuwa laini, nasi tumeacha kuuliza kilichomo ndani.

Wanauchumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha mwaka 2009 utafiti uliotumia ugawaji huo wa vidonge Tanzania, wakakadiria kwamba watoto waliokingwa wakiwa tumboni walisoma shule kwa theluthi hadi nusu mwaka zaidi, wasichana wakinufaika kuliko wavulana. Wengine waliozipitia takwimu upya waliona matokeo si imara kiasi hicho. Mimi siiweki hoja yangu juu ya namba hizo. Hata miaka ya shule ikitolewa kabisa katika mjadala, biolojia ya wiki 20 za kwanza haibadiliki.

Kazi iliyobaki ipo zaidi kwa wazalishaji wadogo. Viwanda vikubwa vya chumvi vina mashine za kunyunyizia na maabara. Mzalishaji mdogo wa Pemba, Lindi, Mtwara au Bagamoyo ana pampu ya mkono, sepetu na turubai, na anachanganya potasiamu ayodeti, kemikali inayoipa chumvi iodini, kwa kukadiria kwa macho. Gunia moja linapata kupita kiasi, la pili halipati kitu, na yote mawili yana maandishi yaleyale. Kumfungia au kumpiga faini hakuipi chumvi iodini. Atakwenda kuuza usiku. Ningependelea wazalishaji wa eneo moja wapeleke chumvi yao kwenye kituo kimoja cha pamoja chenye mashine ya kuchanganyia, potasiamu ayodeti inunuliwe kwa pamoja na ipatikane mwaka mzima bila kukatika, na mkaguzi afike kupima kiasi kwa vipimo vya maabara. Kile kipimo cha tone linalogeuza chumvi kuwa ya buluu kinasema iodini ipo au haipo. Hakisemi ni kiasi gani. Viwango vya iodini katika chumvi virekebishwe pia kadiri watu wanavyoshauriwa kupunguza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, maana malengo haya mawili hayapingani. Tule chumvi kidogo, na hiyo kidogo iwe na iodini ya kutosha. Chumvi inayotumiwa na waokaji mikate na watengenezaji wa vyakula vya pakiti iwe chini ya sheria hiyohiyo.

Nyumbani, nunua chumvi iliyofungwa na yenye jina la mtengenezaji. Usiioshe chumvi ya mawe, kwani unaiosha iodini iliyonyunyiziwa juu yake. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Binti aliyeko sekondari anastahili chumvi hiyo sawa na mjamzito, kwa sababu ghala lake linajazwa sasa.

Na kwa wizara za afya za Tanzania Bara na Zanzibar ombi langu ni moja: uchunguzi ujao wa lishe usiishie kwenye mikojo na shingo za watoto wa shule. Chukueni matone ya damu ya wanawake wa miaka 15 hadi 35, wasio wajawazito, mpime thairoglobulini yao, na muanzie Pemba.